Daktari na Tumbo la Nafula

Ukitaka kumkasirisha Daktari, mwambie mnyama anahara kidogo tu. Hilo neno "kidogo" lilimwasha kuliko upupu. "Kidogo namna gani?" angeuliza, huku ameshaanza kuvaa gambuti zake za mpira. "Kama uji? Kama maji? Iko na damu? Inanuka aje? Ati kidogo. Kidogo ni ya chumvi." Na wewe uliyemwendea ukidhani umeleta habari unabaki kukodoa macho, kwa sababu kweli hukutazama vizuri.

Mimi ni mlishaji katika bustani moja ndogo ya wanyama, nje kidogo ya mji wa Kitale. Nakaa Tuwan, na watu wananiita Mama Shiku. Yeye alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Bungoma, na siku nyingi za wiki alizunguka akitibu ng'ombe wa wakulima kuanzia Kamukuywa hadi Tongaren. Siku zilizobaki alikuwa wetu: wetu wa nyati, wa pofu, wa punda milia na wa twiga wawili wasio na adabu. Hatukumwita kwa jina. Mwenye bustani, mzee anayependa kutaja watu kwa majina yao yote matatu, naye alimwita Daktari basi.

Akifika asubuhi hakuwasalimia wanyama. Alipita moja kwa moja nyuma ya mazizi, mikono mgongoni, macho chini. Wageni walimwona wakadhani amepoteza funguo. Alikuwa akitafuta kinyesi, na akikipata alikiinamia kwa heshima ambayo wengine wetu tunaiweka kwa ajili ya kanisa. Alikigeuza kwa kijiti, akakinusa, akaendelea na safari. Nilipomuuliza kwa nini asianze kwa kumtazama mnyama mwenyewe kama watu wengine, alinijibu jambo ambalo nimelirudia kwa kila mfanyakazi mpya tangu hapo.

"Mama Shiku, mnyama ya porini inaficha ugonjwa. Ikionyesha udhaifu huko, si inaliwa? Kwa hivyo mbele itakudanganya. Masikio juu, macho kali, unaona iko sawa. Nyuma haiwezi kudanganya."

Alijua kutofautisha kuhara kwa majani mabichi ya mvua za kwanza na kuhara kwa minyoo. Kuhara kwa bakteria alisema kuna uvundo wake na utando wake, kama kamasi. Lakini hata pua ilipomwambia hivyo hakuiamini. Alichukua sampuli, akaipeleka maabara ili hao bakteria waoteshwe na kutambuliwa, na mpaka majibu yarudi alisema "nashuku" peke yake. Nilifanya kazi naye miaka mingi nikimsikia akishuku. Kuna madaktari wa watu ambao ningependa wajifunze hilo neno.

Kwa sababu ya kazi hiyo simu yake ilijaa picha za mavi. Wakulima wa Tongaren walimtumia kwa WhatsApp kabla hata ya kumsalimia, na yeye akawajibu palepale, awe mezani au matangani. Siku ya harusi ya binti yake aliitoa simu kanisani kumwonyesha mama mkwe wa bintiye picha ya bwana na bibi harusi. Kidole kikateleza. Mama mkwe aliyaona ya ndama mmoja wa Kamukuywa, tena kwa rangi zake zote. Mkewe hakumsemesha siku ile mpaka keki ilipokatwa. Yeye alishangaa kwa nini watu wamekasirika, maana ndama alikuwa amepona.

Kwa usafi alikuwa balaa. Kila lango la zizi liliwekwa beseni la dawa ya kuua viini, na hakuna aliyepita bila kuchovya viatu. Alikuja mheshimiwa mmoja na viatu vinavyong'aa, watu wa kumpiga picha wakiwa nyuma yake, akataka kusimama karibu na twiga. Daktari akamwonyesha beseni. Mheshimiwa akacheka akidhani ni mzaha. Daktari hakucheka. Walisimama pale wakitazamana, sisi tukitazama chini, hadi mheshimiwa akachovya, kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Daktari akampeleka kwa twiga kwa upole mwingi, akamweleza kila kitu, hata akasahau kumrudisha kwa wakati. Mwenye bustani alikuwa anatokwa na jasho.

Na bado gari la mtu huyohuyo lilikuwa banda la kuku. Hilo sikulielewa kwa muda mrefu. Ukifungua mlango wa nyuma, manyoya yanakupokea. Sababu ni kwamba huko Bungoma ukimtibia mtu ng'ombe wake akasimama, hakuachi uende mikono mitupu. Anakushikia kuku, tena jogoo kama una bahati, miguu imefungwa kwa ukamba wa mgomba. Kumkataa ni kuitukana nyumba nzima. Daktari, ambaye aliweza kumkatalia mheshimiwa, hakuweza kumkatalia mama wa Tongaren aliyesimama mlangoni na kuku kwapani. Alirudi Kitale jioni za Ijumaa na kuku wanne, watano, wanalia ndani ya gari, naye anawajibu.

Nyumbani mkewe alishasema basi, kuku wametosha. Kwa hivyo akawa anawafungulia kwetu, kwenye stoo ya nyasi kavu, na kutuambia tuchukue. Tulichukua. Wale ambao hawakuchukuliwa walizoea, wakalala juu ya marobota ya nyasi, wakataga, na mayai tukayala sisi. Hakuna aliyelalamika. Nani angelalamika juu ya mayai ya bure?

Kuhusu dawa alikuwa mchoyo. Hapa kwetu mnyama akikohoa tu mtu ameshakimbia duka la dawa za mifugo na kurudi na sindano. Aliwakuta wakulima wamewadunga ng'ombe kila kitu kilichokuwa kwenye rafu, na aliwagombeza hadi mbwa wa boma wakanyamaza. "Hiyo sindano umedunga kwa hasira, si kwa ugonjwa," aliwaambia. Kisha anakaa kwenye kigoda, anaeleza polepole kwamba ndani ya tumbo la mnyama anayecheua kuna viumbe vidogo vingi vinavyomsagia nyasi, kama wafanyakazi wa shamba. Ukimwaga dawa ya bakteria ovyo unaua mwizi pamoja na wafanyakazi, na shamba linalala. Walimwelewa, maana wote ni watu wa mahindi.

Alipotulia, l na r zake zilikaa mahali pake. Akichangamka zilihama. Mimi mtu wa nyumba ya Kikuyu sina haki ya kumcheka kwa hilo, lakini nilimcheka, na yeye akanicheka, na Barasa, mwenzangu wa mazizini, akatucheka wote wawili.

Sasa nifike kwa Nafula, kwa sababu bila yeye mtu huyu ningemkumbuka kwa vichekesho tu.

Nafula ni nyati jike. Aliletwa kwetu akiwa ndama asiye na mama, wakati wa mvua nyingi, ndiyo maana Barasa akampa jina hilo. Nilimlea kwa chupa. Alinyonya huku akinisukuma kwa paji la uso mpaka nikagota ukutani, na alipokua mkubwa bado alinifuata kando ya uzio kama anayedai kitu. Watoto wa shule walikuja kumgusa puani kupitia katikati ya mbao. Nilimpenda, nalisema wazi, na atakayecheka acheke.

Asubuhi moja hakuja kwenye ndoo. Nilizunguka nyuma yake kama nilivyofundishwa, nikaona maji, kamasi na damu. Daktari alipofika alitazama, akanusa, akachukua sampuli.

Tulimwingiza kwenye krashi, ule ujia mwembamba wa magogo ambapo mnyama mkubwa anasimama bila kugeuka. Alikuwa amezama macho, na ngozi ya shingo ukiivuta haikurudi upesi. "Kwanza maji," Daktari akasema. "Mnyama haifi na bakteria, inakufa na kiu." Barasa akashika kamba ya kichwa, mimi nikashika ndoo ya maji ya chumvi na sukari, na Daktari akapitisha mpira mrefu mdomoni hadi tumboni. Nafula aliunguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. Macho yake hayakumwacha Daktari hata kidogo. Tulifanya hivyo asubuhi, tukafanya tena mchana.

Nilimsihi amdunge dawa yoyote tu. Alikataa. Sampuli ilikuwa imekwenda, na alitaka maabara imwambie ni mdudu gani na anauawa na dawa ipi. "Nashuku salmonera," alisema, na kwa hiyo r nilijua moyo wake unaenda mbio. "Rakini nikikosea dawa nitamaliza tumbo yake. Nipe majibu kwanza, Mama Shiku. Maji itamshikilia." Nilimwona mkatili. Nilikaa na ndoo yangu nikiongeza maji na kumnunia.

Majibu yalirudi: ni salmonela kweli, na dawa ya kuimaliza ikatajwa. Ndipo akadunga. Kuhara kukapungua, homa ikashuka, lakini Nafula hakula. Daktari akamwekea kile kipimo cha kusikilizia ubavuni, mahali ambapo tumbo kubwa la mnyama anayecheua hunguruma muda wote, akasikiliza hadi shingo ikamuuma. "Kimya," akasema. "Wafanyakazi wamekufa."

Akachukua chupa yake ya chai, ile inayohifadhi joto, akaimwaga chai chini, akaenda kichinjioni. Alisimama pale akingoja fahali aliyekaguliwa na kukutwa mzima, akaomba maji ya tumbo lake yakiwa bado na uhai, akayachuja kwa kitambaa, akayaleta mbio ndani ya chupa ya chai ili yasipoe. Tukampa Nafula kwa ule mpira. Nilimuuliza kama sasa atanunua chupa nyingine. Aliniuliza ina ubaya gani, si ataiosha.

Siku iliyofuata, saa za chakula cha mchana, Barasa aliniita bila kupaza sauti. Nafula alikuwa amelala kivulini, taya linakwenda huku na huku. Alikuwa anacheua. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na Daktari akajifanya anatafuta kitu ndani ya gari.

Sasa ikabaki kujua ugonjwa ulitoka wapi, na hapo ndipo alipokosea. Barasa alikuwa na ndama nyumbani kwake Tuwan, na ndama huyo alikuwa ameugua tumbo. Daktari aliposikia, alimfokea mbele yetu sote. "Gambuti zako, Barasa! Nimesema mara ngapi?" Barasa ni mtu mzima, ana wajukuu. Alichovya gambuti zake kwenye beseni, akazianika, akaenda nyumbani kwa miguu, na kesho yake aliniambia anafikiria kuacha kazi.

Daktari akaendelea kuchukua sampuli: maji ya birika la wanyama, nyasi, pumba, gambuti za kila mtu, ndama wa Barasa. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni mwa stoo ya nyasi. Hakuwa anafanya chochote. Alikuwa anatazama marobota ya juu, yale tuliyomlisha Nafula kwa kuwa zizi lake ndilo lililo karibu, na kuku wake wamelala juu yake, na mavi yao yamekauka meupe. Akavaa glavu, akachukua sampuli za kuku.

Majibu yalipokuja alituita stooni: mwenye bustani, mimi, Barasa, wapishi, mpaka mlinzi wa lango. Akavua kofia. "Ndama ya Barasa haina hii bakteria," alisema. "Kuku ndio wako nayo, ileile ya Nafula. Na kuku ni wangu. Mimi ndio nimereta hii ugonjwa hapa. Nikiwaambia mchovye viatu, mimi nikipitisha kuku kwa gari." Akamgeukia Barasa. "Nilikuaibisha mbele ya watu, ndugu yangu, na mbele ya watu nakuomba msamaha."

Barasa akatazama kofia iliyokuwa mikononi mwa Daktari. "Vaa kofia, Daktari," akasema. "Jua ni kali." Tulikuwa ndani, chini ya paa. Lakini Daktari alivaa, na Barasa hakuacha kazi.

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Matokeo yalikuja kwenye simu yake, na angeweza kutuambia kwamba nyasi zilikuwa chafu, tukaamini, tukafagia. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sijaona mwingine akivua kofia.

Kuku waliuawa wote, wakachomwa, stoo ikasafishwa hadi sakafu. Huko Tongaren bado hakuweza kukataa kuku, ila alibadilisha sharti: apikwe palepale, ale na wenyewe. Kwa hiyo mizunguko yake ikawa mirefu, anafika kwetu amechelewa na tumbo limetangulia, na mkanda wa suruali ukaanza kutafuta tundu jipya.

Tulidhani yameisha, lakini mnyama aliyepona salmonela anaweza kuendelea kuitoa kwenye kinyesi, leo ipo, wiki ijayo haipo, mwezi ujao ipo tena. Sampuli moja safi haina maana. Nafula alikuwa anakula, ananenepa, anang'aa, na sampuli zake zikarudi na bakteria. Mwenye bustani alifikiria watoto wa shule na mikono yao, na simlaumu. Alitaka kuomba kibali Nafula apigwe risasi.

"Nyati mmoja hawezi kunifungia bustani, Daktari."

"Mzee, nipe ile pembe ya bustani kule nyuma," Daktari akasema. "Akae peke yake. Maji yake mwenyewe, ndoo yake, mifereji isipite kwa wengine. Mgeni asifike. Nitampima mpaka awe safi mfululizo, na siku nikichoka mimi, piga risasi."

Basi Nafula akaenda kifungoni, mbali na wenzake, na mimi nikawa mtu pekee anayemwona, pamoja na Daktari na vichupa vyake. Nyati ni mnyama wa kundi. Alisimama siku nzima akielekeza uso upande ambao sauti za wenzake zilitoka. Niliposhindwa kuvumilia nilimwendea Daktari nikamwambia aandike kwamba ni safi. Nani atajua? Na leo ningemwomba vilevile, sioni haya.

Hakunikaripia. "Mama Shiku, mtoto ya mtu akianza kuhara damu kwa sababu ya hiyo karatasi, ni wewe utaenda kumwambia mama yake?" Nikamwambia Nafula naye ni mtoto wangu. Akasema anajua. Akaokota kichupa chake akaenda kuchukua sampuli nyingine.

Alistaafu. Akahamia kwake upande wa Kamukuywa, magoti yakiwa yameharibika, na wakulima wakapata daktari mwingine, nasi pia. Mgonjwa mmoja tu hakumkabidhi kwa mtu. Kila mara alikuja, amepanda gari la kuazima au la mwanawe, anashuka kwa taabu, anazunguka kule nyuma na kijiti chake. Sampuli zikaanza kurudi safi. Alisema bado. Zikarudi safi tena. Akasema bado. Mwenye bustani alikuwa sasa anataka ile pembe ajenge mahali pa kupumzikia wageni, na alitupa muda mpaka shule zitakapofunguliwa, la sivyo ni risasi. Sikuwa nikilala vizuri.

Wiki ya mwisho ya likizo alikuja bila kupiga simu. Nilimwona anatembea na fimbo kutoka langoni, polepole, na nilijaribu kusoma uso wake nikashindwa. Alipofika alinisalimia kwanza, akauliza Shiku yuko aje, akauliza mahindi yangu yako aje. Nikamwambia asinitese.

"Iko safi," akasema. "Yote. Hata ile nimerudia. Mwambie Barasa afungue."

Ujia ulikuwa tayari kati ya kifungo chake na uwanja wa kundi. Barasa akafungua lango. Nafula hakutoka. Alisimama mlangoni akanusa ardhi, akarudi nyuma. Nilimwita kwa jina. Nilitikisa ndoo ya pumba. Nilimbembeleza kama nilivyombembeleza akiwa wa chupa, na yeye akanitazama tu, kama mtu aliyesahau kwamba kuna pengine pa kwenda. Mwenye bustani akaanza kutazama saa.

Daktari alikuwa amebaki nyuma, upande wa pili wa uzio. Akasogea hadi kwenye mbao, akapaza sauti. "Nafula! Toka bana, mama, umemariza dawa!"

Nafula aligeuka akamwona. Yule mtu wa mpira wa tumboni. Akakoroma, akainua mkia, akapita langoni kwa kishindo, vumbi likamfunika Barasa. Hakusimama mpaka alipofika katikati ya wenzake. Walimzunguka, wakamnusa, wakasukumana, kisha wote wakainamisha vichwa kwenye nyasi.

"Bado ananichukia," Daktari akasema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Tulisimama pale sote. Jua lilikuwa upande wao, tukawa tunaona migongo tu na pembe, zikipishana.

"Yeye ni yupi sasa?" akaniuliza. "Macho yangu siku hizi."

Nilitazama vizuri. Mimi niliyemnyonyesha kwa chupa nilitafuta lile sikio, ile shingo, nikatafuta tena.

"Sijui, Daktari," nikasema. "Simwoni. Wote ni sawa."

"Basi amepona," akasema.